Mhariri Hanunui Mada

Kila wiki mhariri wa makala hupokea ujumbe wa namna hii: "Mimi ni mwandishi chipukizi. Napenda kuandika kuhusu mazingira, afya, vijana na maendeleo. Naomba nafasi katika gazeti lenu." Ujumbe una adabu na Kiswahili chake ni safi, lakini mhariri hana cha kuujibu, kwa sababu hana nafasi ya kugawa. Ana kurasa zinazotakiwa kujaa kabla ya siku ya kwenda mtamboni, ana bajeti finyu, na ana waandishi wa ndani ambao mazingira, afya na vijana wanaviandika kila siku. Anachokosa ni stori ambayo hao hawajaifikia, iletwe na mtu anayeweza kuimaliza. Mwandikie kuhusu stori hiyo, atakusoma mpaka mwisho hata kama jina lako hajawahi kulisikia.

Ninachoandika hapa ni kwa yeyote asiyeajiriwa na chombo cha habari lakini anataka kalamu yake imlipe: mwalimu wa Sumbawanga, mhitimu wa chuo aliyerudi nyumbani Kitui, mama wa Pemba anayejua habari za kisiwa chake kuliko ofisi yoyote ya Dar es Salaam. Kazi ipo. Inayokosekana mara nyingi ni namna ya kuiomba.

Tuanze na kilimo cha mwani Zanzibar. Hiyo ni mada, na imeandikwa tangu wanawake wa Paje na Jambiani walipoanza kufunga kamba zao ufukweni mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukimpelekea mhariri maneno "kilimo cha mwani", atakwambia tunayo. Sasa sogea karibu zaidi. Mwani aina ya cottonii ndio wenye bei nzuri, lakini haustahimili joto, na maji ya ufukweni yanapopata moto hufa. Wataalamu wanashauri ukalimwe kwenye maji ya kina, ambako kuna ubaridi. Ila wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea, na kufika kwenye kina kunataka chombo. Je, katika kijiji chako nani amejifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini ili aokoe shamba lake? Nani analipia boti? Ukifika hapo, mhariri ananyanyua kichwa. Kwenye vyumba vya habari wanaita kupata engo, na mwandishi wa nje asiye na engo hana biashara.

Kipimo chake ni rahisi. Jaribu kuieleza makala yako kwa sentensi moja yenye mtu, mahali, jambo linalomkwamisha mtu huyo, na sababu ya kuiandika sasa badala ya mwaka jana. Sentensi ikigoma kutoka, bado una mada mkononi. Rudi ukaulize zaidi.

Stori za namna hii hazitafutwi kwenye vichwa vya magazeti, maana zilizoko huko zimeshauzwa. Ziko kwenye vikao vya baraza la madiwani, ambako mwandishi akiwapo mara nyingi ni mmoja na anaondoka mapema. Ziko kwenye ubao wa matangazo wa kata. Ziko mahakamani: TanzLII na Kenya Law huweka hukumu bure mtandaoni, na hukumu moja ya mgogoro wa ardhi ina majina, tarehe, ramani ya ugomvi na maneno ya mashahidi, vyote vimeshapangwa na jaji.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote ni ripoti za ukaguzi. Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Siku mbili tatu za mwanzo vyombo vyote hugombea mabilioni yale yale ya mashirika makubwa. Baada ya wiki kumetulia. Aya inayotaja zahanati ya halmashauri yako, iliyolipiwa na haijaezekwa, inabaki pale haijaguswa na mtu. Ichukue aya hiyo, nenda kaangalie jengo lenyewe, ongea na mama anayetembea kwenda kujifungulia kata ya pili, kisha mtafute mkurugenzi. Kenya nako Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandika ripoti ya kila kaunti, na kanuni ni ile ile: Nairobi wanasoma jumla, wewe soma ukurasa wa kwenu.

Kabla ya kumwandikia mhariri yeyote fanya sehemu ya kazi, ila usiimalize. Piga simu mbili tatu. Hakikisha mtu mkuu wa stori yupo na amekubali kuzungumza. Tafuta kwenye kumbukumbu za chombo unachokilenga uone kama wameiandika, na kama wameiandika, jua cha kwako kinaongeza nini. Wengi hukosea upande mmoja au mwingine: wapo wanaotuma wazo ambalo hawajalipigia hata simu moja, na wapo wanaoandika maneno elfu mbili bila kuagizwa, kisha wanazunguka nayo kama mtu anayetembeza shati lililoshonwa kwa kipimo cha mtu asiyejulikana. Hadithi fupi, shairi na makala ya maoni ndizo zinazotumwa zikiwa zimekamilika. Makala ya kutafitiwa huuzwa kwanza, ikaandikwa baadaye.

Barua yenyewe

Tuseme unaishi Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Umesikia mazungumzo kwenye mwalo wa Kibirizi na umeona kuna kitu. Barua yako, yenye watu na mazingira ya kubuni kwa ajili ya mfano huu, ingeweza kuwa hivi:

*Kichwa: WAZO LA MAKALA – Ziwa limefungwa, rejesho la kikoba liko palepale*

*Habari za kazi, Mhariri.*

*Ziwa Tanganyika lilipofungwa mwaka 2024, wavuvi walianika nyavu na waandishi walikwenda kuwahoji. Wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi hawakuhojiwa sana, ingawa nao walikaa miezi mitatu bila dagaa wa kuanika huku rejesho la kikoba likidaiwa kila Jumamosi kama kawaida. Napendekeza makala ya maneno 1,200 kuhusu kikoba kimoja cha waanikaji hao: jinsi wanachama walivyobebana, nani aliuza vichanja vyake ili alipe, na kwa nini wameamua kubadili kanuni ya mikopo yao kabla ziwa halijafungwa tena.*

*Mwenyekiti na mweka hazina wamekubali kuzungumza kwa majina yao na kunionyesha daftari la marejesho ya miezi hiyo. Nitamtafuta pia ofisa uvuvi, pamoja na mfanyabiashara anayesafirisha dagaa kwa treni kwenda Dar es Salaam. Naishi Kigoma mjini, kwa hiyo hakuna gharama ya safari. Picha nitapiga mwenyewe. Naambatanisha mbili za mfano.*

*Naweza kukabidhi makala siku kumi baada ya kukubaliana. Wazo hili sijalipeleka kwingine. Chini nimeweka viungo vya makala zangu mbili zilizokwisha kuchapishwa. Naomba pia kufahamu kiwango chenu cha malipo kwa makala ya urefu huu.*

*Wako katika kazi,*
*(jina kamili, namba ya simu)*

Barua inaishia hapo. Inasomeka kwa dakika moja, hata kwenye simu ya mhariri aliye ndani ya daladala. Ona jinsi daftari la marejesho linavyofanya kazi kubwa kuliko sifa yoyote ambayo mwandishi angejipa: linamwambia mhariri kwamba waliotajwa wanamwamini mwandishi huyu, na kwamba makala itakuwa na tarehe na hesabu halisi, haitakuwa ya "wananchi wamelalamika". Ofisa uvuvi na mfanyabiashara wanamwambia kuwa upande wa pili hautasahauliwa. Siku kumi zinamwezesha kuiweka kwenye mpango wa kurasa. Na swali la malipo limeulizwa mapema, kwa adabu, bila kuomba radhi.

Wasifu wako unatosha sentensi moja, tena mwishoni. Kama hujawahi kuchapishwa popote, usidanganye wala usiombe msamaha. Taja kinachokufanya wewe uwe mtu sahihi wa stori hii: umezaliwa mtaa huo, ulifanya kazi mwaloni, unasema Kiha. Mhariri wa makao makuu hawezi kuvipata hivyo kwa nauli ya siku moja.

Kuna la kuangalia kwenye salamu. Ukimwandikia mhariri usiyemfahamu, "Habari za kazi, Mhariri" inatosha Tanzania, na kule Kenya "Hujambo, Mhariri" haina shida. Ukishajua kwamba ni mtu mzima kwako na mmeanza kuzungumza kwa simu, shikamoo ina nafasi yake na haijawahi kumharibia mtu biashara. Lakini usimwite "mheshimiwa" wala "bosi", na usijaze aya nzima ya kumwombea afya na familia yake. Mpe heshima ya muda wake.

Siku hizi mambo mengi ya chumba cha habari hupita WhatsApp. Hata hivyo barua ya wazo iende kwa barua pepe, ambako inaweza kutafutwa na kupelekwa kwa mhariri mwingine, halafu ujumbe mfupi wa simu umjulishe kuwa umetuma. Ujumbe wa sauti wa dakika nne hausikilizwi. Na kama umezoea kuandikiwa barua na programu za akili unde, fahamu kwamba wahariri wamechoshwa na barua laini zisizo na mahali wala mtu. Mwalo wa Kibirizi, Jumamosi ya rejesho na vichanja vilivyouzwa ndivyo vitakavyokutofautisha.

Milango ya kugonga

Magazeti ya Kiswahili ndiyo mlango wa kwanza, na mtu asikudharaulishe kwa kukwambia hayana fedha. Tanzania yapo Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na mengineyo. Zanzibar lipo Zanzibar Leo. Kenya lipo Taifa Leo. Nunua matoleo ya wiki nzima ya gazeti unalolilenga uyasome kwa kalamu mkononi. Angalia ni kurasa zipi zina majina ya watu wasio wa ndani, makala zake zina maneno mangapi, zinaanzaje, picha ni za nani. Baada ya wiki moja utajua mhariri wa ukurasa ule anapenda nini kuliko ambavyo angeweza kukueleza mwenyewe. Jina lake litafute kwenye gazeti lenyewe au piga simu mapokezi uulize. Barua iliyotumwa kwa anwani ya jumla hukaa na matangazo ya misiba na malalamiko ya mabomba.

Mlango wa pili ni redio za kimataifa za Kiswahili. Idhaa ya BBC ilianza mwaka 1957, ya DW mwaka 1963, na RFI Kiswahili ikafuata mwaka 2010. Hizi hutegemea sana waandishi walioko mikoani na nchi za jirani, na hapa mwandishi wa Goma, Bukavu, Bujumbura au Lubumbashi ana nafasi nzuri, kwa kuwa watu wa huko wanaoweza kuripoti kwa Kiswahili kinachoeleweka Mombasa na Mbeya si wengi. Redio inataka sauti. Kwa hiyo kwenye barua yako usiishie kusema utamhoji mama muanika dagaa. Sema utarekodi makasia, mnada wa asubuhi na ugomvi wa kwenye kikao cha kikoba.

Mlango wa tatu ni vyombo vya Kiingereza vinavyoandika Afrika: The Continent, gazeti la kila wiki lililoanzishwa mwaka 2020 na husambazwa kwa WhatsApp, The Elephant la Nairobi, African Arguments, Africa Is a Country. Wengi wetu huvikwepa kwa hofu ya lugha. Nadhani hofu hiyo inatunyima riziki bure. Sarufi mhariri anaweza kuirekebisha, kazi yake ndiyo hiyo. Hawezi kupiga simu Kibirizi akaongea na mweka hazina. Andika Kiingereza kifupi na cha moja kwa moja, mpe mwenzako anayekijua vizuri aipitie barua, kisha itume.

Hesabu ya mwandishi wa kujitegemea iko hapa. Safari moja ya mwaloni inaweza kuzaa makala ya Kiswahili kuhusu kikoba, ripoti ya redio ya dakika nne kuhusu mnada, na makala ya Kiingereza kuhusu nchi nne zinazopakana na ziwa hilo, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilivyokubaliana kulipumzisha. Hizo ni makala tatu tofauti zenye watu tofauti ndani yake, kwa hiyo hakuna mhariri unayemdhulumu. Kinachokatazwa ni kuuza makala ile ile kwa wawili huku kila mmoja akiamini ni yake peke yake.

Kwa wanaoandika bunilizi sitakaa sana, maana soko lake linakwenda kwa tuzo na wachapishaji. Ijue Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na hupokea miswada ya Kiswahili, na ijue Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti kabla ya kuandika bahasha.

Kisha kuna kazi zisizobeba jina lako: ripoti za mashirika, vipeperushi vya afya, miswada ya vipindi vya watoto, tafsiri. Waandishi wengi ninaowaheshimu hulipia kodi ya nyumba kwa kazi hizi na kuandika makala kwa muda unaobaki, na sioni aibu yoyote ndani yake. Ila weka mpaka. Ukilipwa na shirika fulani kuandika ripoti yake, usigeuke mwezi ule ule ukaliandika gazetini kama mwandishi huru. Mhariri akigundua, na hugundua, jina lako linakwenda na maji.

Ukimya

Umetuma, kimya. Mhariri wa gazeti la kila siku mpe wiki moja, wa jarida wiki mbili au tatu, kisha mwandikie sentensi mbili za kukumbusha juu ya barua ile ile. Ukimya ukiendelea, mjulishe kwa upole kwamba unalipeleka wazo kwingine, na ulipeleke kweli. Stori yenye tarehe, kama ya ziwa kufungwa, haingoji. Kwa hiyo andika tangu mwanzo ni lini unahitaji jibu.

Mhariri akikataa kwa kueleza sababu, amekupa kitu cha thamani. "Tumeshaiandika" maana yake hukusoma kumbukumbu zao. "Si ya ukurasa wetu" maana yake dawati si lake, muulize ni la nani. "Haina uzito" kwa kawaida maana yake mtu wa ndani ya stori hajaonekana.

Wengi huniuliza: akiniibia wazo? Jibu la kisheria halifurahishi. Hakimiliki, Tanzania na Kenya pia, hulinda namna ulivyoandika; wazo lenyewe halilindwi. Kinga yako ni ya vitendo. Katika barua taja ulichonacho mkononi, lakini namba ya simu ya mweka hazina na nakala ya daftari vibaki kwako. Mwizi wa wazo atalazimika kuanza upya mwaloni, na wenyeji watamuuliza wewe uko wapi. Wahariri walio wengi hawaibi. Wakikukuta na stori nzuri wanakuhitaji wewe, maana kumtuma mtu wao ni gharama.

Fedha, kabla na baada

Mhariri akisema "sawa, tuletee", kazi bado haijakubaliwa. Imekubaliwa pale ambapo mambo haya yameandikwa, hata kama ni kwenye barua pepe ya mistari mitano: urefu, siku ya kukabidhi, kiasi cha malipo, fedha ya nchi gani, hulipwa lini (ikishakabidhiwa au ikishachapishwa, na hapo pana tofauti ya miezi), nani anabeba nauli, na unalipwa nini endapo wataiagiza kisha waiache. Kama yeye hajaandika, andika wewe: "Nashukuru. Kwa kumbukumbu zangu, tumekubaliana kwamba…" Asipopinga, una ushahidi.

Uliza habari ya haki pia, hasa ukiwa Kenya. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Yaani mwandishi asiyesema kitu ameshatoa kila kitu, pamoja na haki ya kuiweka makala hiyo kwenye kitabu chake miaka kumi baadaye. Sentensi moja inatosha kuzuia: gazeti linapata haki ya kuchapisha kwanza, kwa karatasi na mtandaoni, haki nyingine zinabaki kwa mwandishi. Baadhi ya kampuni zitakataa, na utaamua kama bei inatosha. Angalau utakuwa umeamua.

Kuna watakaokwambia hawana bajeti lakini "utapata jina". Gazeti linalouza matangazo na kumlipa mchapaji, dereva na mlinzi lina bajeti. Limeamua tu kwamba mwandishi ndiye wa kukopwa. Kijarida cha kujitolea ambacho hakuna anayelipwa ni habari nyingine, na unaweza kukiandikia kwa mapenzi yako. Ukitoa kazi bure, iwe zawadi uliyoichagua.

Bahasha nayo lazima itajwe. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kidogo kwa stori, tena baada ya miezi, hujikuta akiishi kwa fedha inayogawiwa mwisho wa semina na mikutano ya wanasiasa. Najua njaa inayoleta hali hiyo na simcheki mtu. Lakini anayekupa bahasha ndiye aliyenunua makala, na mhariri anauziwa kitu ambacho kimeshauzwa. Nauli na chakula viombe kwa mhariri kabla ya safari, na kama hawezi kuvitoa, chagua stori unayoweza kuifikia kwa miguu.

Malipo ya ndani hupita benki au M-Pesa na wenzake, hayana matata. Ya nje yana makato. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa muda mrefu imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea, kwa hiyo uliza njia mapema na uandae jina lako kama lilivyo benki pamoja na msimbo wa SWIFT. Benki za njiani nazo hukata chao. Kama una makala mbili kwa chombo kimoja, omba zilipwe pamoja. Uwe na TIN, au PIN ya KRA kwa Kenya, kwa kuwa mlipaji anaweza kukukata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma za kitaalamu za mkazi ni asilimia 5 katika nchi zote mbili. Dai cheti cha makato hayo, kitakusaidia wakati wa kupeleka ritani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua daftari au jedwali la kompyuta: wazo, limekwenda kwa nani, lini, jibu, bei, ankara, malipo. Siku makala inapokubaliwa tuma ankara yenye namba, tarehe, kichwa cha makala na kiasi. Omba tangu mwanzo jina la mhasibu, maana mhariri huwa ameshasahau na fedha si yeye anayezitoa. Siku thelathini zikipita, mwandikie mhasibu, nakala kwa mhariri, bila maneno makali. Zikipita nyingine, usiwape makala mpya mpaka ya zamani ilipwe. Msimamo huo ni rahisi kuushika ukiwa na milango mitatu kuliko ukiwa na mmoja.

Vibali visikupige chenga. Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, kiwango cha elimu kilichowekwa ni stashahada, na kitambulisho hutolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Zanzibar ina sheria zake. Kenya, Baraza la Vyombo vya Habari hutoa kadi za mwaka na waandishi wa kujitegemea wana kundi lao. Kabla ya kwenda kuhoji ofisi ya umma, muulize mhariri aliyekuagiza kama atakupa barua ya utambulisho.

Kazi mbili zikatae bila kufikiri mara mbili. Ya kwanza ni ile inayokutaka ulipie usajili, fomu au mafunzo ndipo upewe makala za kuandika. Anayetafuta mwandishi hulipa, halipwi. Ya pili ni kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha zao za chuo, biashara ambayo imewameza vijana wengi werevu wa Kenya. England imeziharamisha huduma hizo kwa sheria tangu mwaka 2022, na hata kama isingeziharamisha, kijana anaamka baada ya miaka mitano akiwa ameandika kurasa maelfu na hana hata moja ya kumwonyesha mhariri.

Makala ikishatoka, ipeleke kwa waliokupa habari. Wasomee kama hawana gazeti. Mweka hazina aliyekufungulia daftari ana haki ya kujua limesomwaje. Hifadhi nakala yako ya karatasi na picha ya ukurasa wa mtandaoni, kwa kuwa tovuti hubadilishwa na viungo hufa. Kisha, ndani ya wiki hiyo hiyo, kabla jina lako halijamtoka mhariri kichwani, mtumie wazo la pili: dagaa wanapoadimika Kigoma, wachuuzi wa Uvira na Kalemie ng'ambo ya ziwa wanauza nini, na nani anawavusha.